Kengele ya Nampunga

Mimi sishangazwi na kitu. Naliandika hili mwanzoni ili anayesoma ajue anasoma maneno ya mtu wa namna gani. Shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza, lakini nimeuza viatu katika nchi sita na nimekunywa chai na matajiri ambao watoto wao wamesoma mpaka nywele zimewatoka. Nimeona mtu akilipia duka zima kwa noti alizobeba kwenye mfuko wa rambo. Nimeona kontena likifunguliwa bandarini, ndani badala ya suruali za jinzi mna mchanga mtupu, na mwenye mzigo akakaa chini akacheka. Nilianza na shilingi themanini na tano. Vijana wageni wakifika Guangzhou huwa nawaketisha, nawaagizia supu, nawaambia: themanini na tano, bila mjomba, bila mkopo, bila cheti. Wakiuliza nilizipata wapi, najibu kwamba ni jasho.

Basi mtu wa aina hiyo, mwaka wangu wa kwanza mjini humu, miaka ile ya elfu mbili mwanzoni ambapo kila ndege ya kutoka kwetu ilikuwa inatumwaga huku kama kumbikumbi, nilikuwa nimesimama kwenye uchochoro nyuma ya maduka ya viatu ya Zhanxi. Akapita mama mmoja wa Kichina akisukuma mkokoteni uliojaa marobota kupita kimo chake. Alikuwa anapiga kelele, na kelele zenyewe nilizielewa.

"Nampunga! Nampunga! Pisha!"

Nampunga ni kijiji cha mama yangu. Nilikulia hapo. Hata wenyeji wa kusini kwetu ukikitaja wanakuuliza kiko upande gani. Na hapa kinatajwa na mama wa Kichina mwenye glavu za pamba, katikati ya Guangzhou. Nilimfuata yule mama kama mtu aliyeibiwa.

Mkokoteni uliingia kwenye ghala. Ndani kulikuwa na mzee Mwafrika, amevaa shati jeupe lililofungwa vifungo mpaka kooni, kofia nyeusi yenye ukingo, na filimbi inaning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Wafanyabiashara wote wa Afrika Mashariki walimwita Stesheni Masta. Nilidhani ni jina la utani tu, kama vile mimi wanavyoniita Tajiri.

"Shikamoo mzee. Huyu mama nani kamfundisha hilo neno?"

"Marahaba. Neno lipi?"

"Nampunga."

"Nampunga ni ndani kabisa," akasema, akaelekeza kalamu kwenye kontena lililokuwa wazi. "Ni mwisho wa reli."

"Nampunga hakuna reli, mzee. Mimi ni wa Nampunga."

Akavua miwani. Akanitazama muda mrefu, kisha akauliza swali ambalo angeniuliza kwa miaka sita iliyofuata.

"Kengele inagongwa?"

"Inagongwa," nikasema.

Nilidanganya. Kwa nini nilidanganya nitaeleza, usiniharakishe.

Kwanza uelewe kazi yake. Sisi wengine tulikuwa tunanunua huku na huku, viatu Zhanxi, magauni Shisanhang, fulana za bei ya kutupa kule Shahe, na si kila mtu ana uwezo wa kujaza kontena peke yake. Mimi nilikuwa nao, lakini si wote walio kama mimi. Kwa hiyo watu kumi au kumi na watano wanachangia kontena moja la futi arobaini, na lazima awepo mtu wa kulipanga, wa kuandika na wa kufunga mlango. Mtu huyo alikuwa yeye. Na yeye alilipanga kontena kama njia ya reli. Kule mbele, kwenye ukuta wa mwisho, ni Nampunga. Ukirudi nyuma ni Chiuta, halafu Likwaya, halafu Namatula, na mlangoni ni Mkwaju Mmoja. Kila robota liliandikwa kwa wino mwekundu jina la stesheni yake, na wasukuma mikokoteni walikuwa wameyakariri majina hayo kama wanavyokariri bei.

Huko Kariakoo watu walikuwa wanapigiana simu: "Vipi, wewe mzigo wako wapi?" "Mimi niko Mkwaju Mmoja, mlango ukifunguliwa tu nachukua changu." "Mwenzangu una bahati, mimi wamenitupa Nampunga." Hakuna hata mmoja aliyejua kwamba anataja stesheni zilizong'olewa kabla hajazaliwa.

Mimi mwenyewe, mtoto wa hapohapo, sikujua. Kwetu palikuwa na tuta refu lililonyooka kupita mashambani, tunapita juu yake kwenda kuchota maji wakati wa mvua, na tuliambiwa limejengwa na Wazungu ili kuzuia mto. Kizingiti cha nyumba ya mama kilikuwa kipande cha chuma kizito, sikuwahi kujiuliza kimetoka wapi. Nimekuja kujua kwamba nililala utotoni mwangu juu ya reli nikiwa na miaka arobaini, tena nimeambiwa China.

Utaratibu wake wa pili ulikuwa kirungu. Alikuwa na kipande cha chuma cha urefu wa mkono, kina pete kubwa upande mmoja, kimechongwa herufi ambazo zimelika. Kwenye ghala lake huwezi kuingiza mzigo kwenye kontena kama hujashika hicho kirungu mkononi. Ni kimoja. Ukimaliza unamrudishia, anampa anayefuata. Siku ya kwanza nilicheka.

"Mzee, hili ni ghala. Kwani tukiingia wawili tutagongana?"

"Mtagongana," akasema. "Mkishaingia wawili mmoja atapakia juu ya jina la mwenzake, na Kariakoo watapigana. Shika hiki au kaa nje, Tajiri."

Nikakishika. Mimi ninayewafokea mabosi wenye maghorofa.

Saa yake ya mkononi ilikuwa inasoma majira ya nyumbani. Hakuwahi kuibadilisha tangu aje. Akisema mlango unafungwa saa tatu asubuhi, wewe mwenyewe unajumlisha saa tano unapata saa nane mchana ya Guangzhou. Wageni walichanganyikiwa wiki ya kwanza, halafu wakazoea, mpaka Wachina wa ghalani wakawa wanahesabu kwa saa za Afrika. Na akisema saa tatu ni saa tatu. Ijumaa moja nilichelewa dakika sita. Nilikuwa na katoni arobaini za viatu vya ngozi, na tajiri mwenzangu Dar es Salaam ananisubiri, sikukuu inakaribia. Nafika namkuta anapuliza filimbi, mlango unagongeshwa, lakiri inawekwa.

"Mzee, dakika sita tu."

"Nimeona."

"Nitakulipa nauli mara mbili."

"Andika jina kwenye la Ijumaa ijayo."

"Mara tatu."

Akanitazama bila hasira. "Kule ndani kuna mama kaja na robota moja, alifika tangu alfajiri. Yeye nimwambie amesubiri nini?"

Nilimtukana siku ile, nakiri. Alinimiminia chai kwenye kikombe cha bati, akaniwekea sukari vijiko vitatu, akaendelea kuandika. Katoni zangu zilisafiri wiki iliyofuata zikafika sikukuu imepita.

Daftari lake lilikuwa na safu tatu kwa kila mzigo: umefika, umepotea, umechelewa. Safu ya katikati haikuwa na alama hata moja, na daftari lilikuwa nene kama tofali. Kulikuwa na bibi mmoja wa Unguja, mfanyabiashara wa kanga na mashuka, mdomo wake unaweza kufua nazi. Robota lake halikuonekana bandarini. Akapanda ndege akarudi mpaka ghalani.

"Mzee wewe, robota langu liko wapi? Mie nimelipa. Mie si mtoto wa kuchezewa."

"Limechelewa, bibi."

"Limechelewa wapi? Limepotea. Andika hapo limepotea nikadai changu."

"Nani kaliona likipotea?"

"Huyu mzee ataniua. Kama ungekuwa mume wangu ningekuacha leo hii."

"Na ningekungoja," akasema, wala hakuinua macho, na ghala zima likacheka mpaka bibi mwenyewe akacheka. Robota lilikuja kuonekana mwezi wa tano, lilishushwa kimakosa bandari nyingine likarudishwa. Akaweka alama safu ya tatu, kwa mkono wa taratibu, kama mtu anayefunga kidonda.

Kichina alikizungumza vizuri kuliko wanafunzi wetu wote wa hapa, lakini kilikuwa cha zamani. Alikisoma miaka ile Wachina walipotujengea reli ile kubwa, wakawachukua vijana wetu kuja kufundishwa kazi. Wenye maduka vijana aliwaita "ndugu" kwa lile neno lao la enzi za chama, nao walikuwa wanaangua kicheko. Ila mlinzi wa ghala, mzee mwenzake asiye na meno ya mbele, akiitwa hivyo alisimama, akavuta stuli, wakakaa wakinywa chai. Nilimuuliza wanaongea nini muda wote ule. Akasema, "Mvuke." Yule mlinzi alikuwa amewahi kuchochea moto kwenye injini za mvuke, kaskazini huko.

Sasa kitu ambacho sikukielewa. Mtu huyu wa reli hakupanda treni. Chumba alipanga kilometa moja kutoka stesheni kuu ya Guangzhou, kisa asikie treni, lakini akitaka kwenda popote alipanda basi. Mji ulikuwa unachimbwa chini kwa chini, njia mpya za treni zinafunguliwa, sisi wote tunashuka huko tunapoa na viyoyozi, yeye yuko juu kwenye basi anatoka jasho na kofia yake. Safari moja tulikwenda kukagua viatu mji wa mbali, treni ni saa mbili, basi ni saa saba. Alikwenda na basi. Alitoka siku moja kabla.

Siku za Jumapili akitoka kanisani alikuwa anasimama kwenye daraja la waenda kwa miguu linalotazama stesheni kuu, anaangalia ile bahari ya watu na mabegi yao. Nilianza kwenda kusimama naye. Sijui kwa nini, mimi Jumapili ndiyo nilikuwa nahesabu faida. Pale ndipo alipokuwa ananisimulia ile njia, na mimi nilikuwa nasikia habari za nyumbani kwangu kama hadithi za nchi nyingine.

Alisema Mkwaju Mmoja palikuwa na karani mwenye mbuzi, na mbuzi huyo alikuwa anapanda behewa mwenyewe asubuhi, anashuka Namatula kula, anarudi na treni ya jioni, na hakuna aliyewahi kumkatia tiketi. Namatula treni ilikuwa inakunywa maji, na wakati inakunywa, abiria wa kike walikuwa wanashuka kufua nepi kwenye maji yanayomwagika. Likwaya waliuza mihogo ya kuchemsha na karanga mbichi kwenye majani, na dereva alikuwa na deni na kila muuzaji, kwa hiyo alipiga honi maili mbili kabla ili wajue anakuja, kisha anajificha wasimdai. Chiuta ilikuwa yake. Alikuwa kijana wa miaka ishirini, msaidizi, mkuu wake kaenda likizo hakurudi, kwa hiyo yeye ndiye alikuwa masta, mwenye taa mbili, bendera mbili, na jogoo. Nampunga alikuwapo mtu mzima aliyemfundisha kazi yote, mkali, anayefagia jukwaa kwa mikono yake kila asubuhi kwa sababu hakuamini ufagio wa mtu mwingine.

"Na kengele," akasema.

"Na kengele," nikasema.

"Shaba tupu. Ilikuwa inasikika mpaka ng'ambo ya mto. Saa nne asubuhi, treni ikikaribia, anagonga mara saba."

Jumapili moja nilimuuliza kuhusu kirungu. Akanieleza polepole, kama anafundisha. Reli ni moja, treni zinakwenda na kurudi humohumo. Ili zisikutane, kila kipande cha njia kina kirungu kimoja, na dereva haruhusiwi kuingia kwenye kipande hicho mpaka akabidhiwe kirungu mkononi. Kile alichokuwa nacho kilikuwa cha kati ya Chiuta na Nampunga, maili kumi na nane.

"Treni ya mwisho ilishuka kutoka Nampunga na kirungu hiki. Dereva akanipa, akaniambia: mwenzako amesema umrudishie na treni inayofuata."

"Halafu?"

"Haikuja inayofuata."

"Si ungekwenda kwa miguu, mzee? Maili kumi na nane ni asubuhi moja."

Chini yetu watu walikuwa wanapanga foleni ndefu kuingia stesheni.

"Kanuni inasema kirungu kinasafiri na treni," akasema. "Nikasubiri treni. Nilisubiri miezi minne. Wakaja mafundi kwa malori wakang'oa reli kuanzia huko juu, wakafika kwangu, wakaniambia panda behewa, umehamishwa. Nikapanda, nacho mkononi. Nilikuwa kijana, mwanangu, niliijua kanuni kuliko nilivyomjua mtu. Halafu mwaka ukawa mwaka. Ukichelewa mwezi unaweza kwenda ukaomba radhi. Ukichelewa miaka kumi unakwenda kusema nini?"

Hapo ndipo nilipoelewa mabasi. Hakupanda treni ya mtu kwa sababu alikuwa anatembea na kirungu cha watu ambacho hajakirudisha. Mtu aliyenifungia mlango kwa dakika sita alikuwa amechelewa yeye mwenyewe miaka zaidi ya arobaini, na alikuwa anaijua kila siku ya hiyo miaka.

"Lakini kengele inagongwa," akasema. "Umeniambia. Kwa hiyo yupo mtu anayesubiri."

Sasa nieleze, kwa sababu nimeahidi.

Nilipokuwa mtoto, pale Nampunga palikuwa na babu aliyekuwa anafagia. Kila asubuhi anafagia kipande cha ardhi kirefu, chembamba, kisicho na kitu, kando ya lile tuta. Nyumba hakuna, soko hakuna, anafagia tu. Akimaliza anasimama, anatazama tuta, na saa nne anagonga kengele mara saba. Sisi watoto tulijua ana kichaa. Tulikuwa tunamwagia majani makavu ili afagie tena. Lakini kijiji kizima kilikuwa kinaishi kwa kengele ile, hakuna aliyekuwa na saa. Ikigongwa, mama yangu anaepua maharage anakwenda shamba. Ikigongwa, mwalimu anatutoa nje kucheza.

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nilitaka kuondoka. Alfajiri moja niliifungua ile kengele kwenye nguzo yake, nikaifunga kwenye gunia pamoja na mihogo, nikapanda lori la korosho mpaka Lindi. Kulikuwa na mnunuzi wa vyuma chakavu. Aliipima, akanipa shilingi themanini na tano.

Hizo ndizo themanini na tano zangu.

Mama aliniambia baadaye, nilipoanza kutuma fedha, kwamba yule babu aliendelea kufagia miaka mitatu zaidi, na saa nne ilipofika alikuwa anasimama pale kwenye nguzo, mikono mitupu, halafu anaondoka. Halafu akafa. Mama alimlaani mwizi wa ile kengele kila maharage yalipoungua. Mimi nilikuwa naitikia kwenye simu.

Kwa hiyo nilipokuwa naulizwa "inagongwa?" kila ninaporudi kutoka nyumbani, nilikuwa nasema inagongwa, mzee. Miaka sita. Nilimletea mzee zawadi, shati, dawa ya macho, redio. Nilidhani nalipa.

Mwaka wa sita, maghala yetu yalipoambiwa yahame, jengo linabomolewa, Stesheni Masta alisema hahami. Anarudi nyumbani. Jumatatu nilimkuta ghalani peke yake, amekaa juu ya stuli ya yule mlinzi, anapaka kirungu mafuta kwa kitambaa.

"Ijumaa nafunga la mwisho," akasema. "Halafu nakwenda kwenu."

"Kwetu wapi?"

"Nampunga. Nimefikiri sana. Kama hakuna anayegonga kengele, ningeogopa, ningekwenda na kirungu hiki mpaka kaburini. Lakini inagongwa. Nitafika saa nne kasorobo, nisimame pembeni, nisubiri agonge, ndipo nimkabidhi. Hata kama ni mwingine, hata kama ni mtoto wake. Maneno ya kusema nimeshayapata."

Alikuwa amefurahi. Sijawahi kumwona vile, kama kijana anayekwenda kuposa. Na mimi, ambaye nimewaongopea maofisa wa forodha wa nchi sita bila kupepesa, nilishika kingo za meza yake.

"Mzee, kengele haipo."

"Haipo vipi?"

"Haijagongwa tangu nikiwa na miaka kumi na minne. Niliiiba mimi."

Aliweka kitambaa chini. Akavuta daftari, akafungua ukurasa mpya, akaniangalia juu ya miwani, na sauti ikawa ya kazini.

"Mzigo?"

"Kengele."

"Ngapi?"

"Moja. Ya shaba."

"Ina maandishi?"

"Jina la stesheni. Herufi kubwa."

"Ilitoka lini?"

"Mwezi wa korosho. Alfajiri."

"Ilipokelewa na nani?"

"Mnunua vyuma, Lindi. Mzee, niache..."

"Kwa kiasi gani?"

Akasubiri. Yule mtu alijua kusubiri.

"Themanini na tano," nikasema.

Kalamu ikasimama. Alikuwa amenisikia nikizitaja mara mia, ghalani humo humo, nimepanda juu ya katoni, vijana wamenizunguka.

"Zile themanini na tano?"

"Zilezile."

"Na yule mwenzangu?"

"Alifagia miaka mitatu. Akafa."

"Kwamba atakuwa amekufa nilijua," akasema. "Nilishahesabu umri wake, sina wazimu. Kirungu si chake, ni cha stesheni." Alivua kofia, akaishika magotini, akaivaa tena. Macho yake yalikuwa yamelowa. Akateremsha kalamu kwenye zile safu tatu, na mimi niliangalia ile safu ya katikati ambayo haikuwahi kuwekwa alama, nikajua leo itawekwa kwa ajili yangu.

Akapita. Akaweka alama safu ya tatu.

"Imechelewa," akasema. "Kama mimi. Mlango unafungwa Ijumaa saa tatu. Itapakiwa ya kwanza, ndani kabisa."

Nilitafuta siku nne. Mwanafunzi mmoja wa kwetu, anayesoma uhandisi hapa na kututafsiria kwa posho, alinipeleka nje ya jiji kwa fundi mzee anayeyeyusha shaba na kutengeneza kengele za mahekalu. Nilimchorea. Nilimwandikia herufi nane kwenye karatasi, akazikata kwenye udongo moja moja. Alipotaja bei, yule kijana akaanza kazi aliyoizoea, akakunja uso, akageuka kama anaondoka, kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha kwamba bei ya kwanza ni matusi na hailipwi. Nikamshika bega.

"Acha. Mlipe anachosema."

"Tajiri, hata robo hajapunguza."

"Nimesikia."

Ijumaa niliingia kwenye uchochoro nikitembea nyuma ya mkokoteni. Yule mama wa glavu za pamba alikuwa anausukuma, amezeeka kidogo sasa, anapiga kelele zake zilezile: "Nampunga! Nampunga! Pisha!" Tulifika dakika sita kabla ya upakiaji kuanza. Stesheni Masta alinikabidhi kirungu, nikaingia nacho kwenye kontena tupu, nikaiweka kengele ukutani mwa mbele kwa mikono yangu, nikatoka, nikamrudishia. Tulipakia vyote. Akapuliza filimbi. Jioni ile nilimsindikiza uwanja wa ndege, na kwa mara ya kwanza alikwenda na treni ya chini kwa chini, kirungu mapajani, na alinishika mkono njia nzima. Sikumwona tena.

Miezi miwili baadaye, saa tisa alasiri ya Guangzhou, mama alinipigia simu. Kulikuwa na upepo na kelele za watu.

"Mwanangu, kuna mzee mgeni hapa, kavaa kofia. Kafagia pale mahali tangu asubuhi. Sasa kasimama. Subiri, usiseme."

Nilisubiri. Nilihesabu saba.

"Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Anasema ni wewe uliyeileta. Anasema ilichelewa njiani."

"Ilichelewa, mama. Nilikuwa nayo mimi."

Kwenye simu nilisikia kuku, na mtoto analia, na mtu anacheka mbali.

"Uliondoka siku ileile kengele ilipopotea," mama akasema. "Nilikataa kuhesabu." Akavuta pumzi. "Maharage leo nimeyaepua kwa wakati. Bei gani?"

Mama yangu huwa namtajia bei mara mbili ya ya kweli, ili apate la kusema kisimani. Siku ile nilimtajia ileile niliyolipa, ya kwanza kutajwa, isiyopunguzwa: yuan elfu tatu, mia saba na sitini.